Mzigo na Furushi



Waalimu wa vijijini wametuletea swali, wala si mmoja tu aliyeuliza, nasi twaona vema kulijibu hapa ili jibu liwafikie wote. Wasema hivi: Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka wake kwa Wagalatia, mstari wa 2, aagiza kwamba Wakristo wachukuliane mizigo, na kwamba kwa kufanya hivyo waitimiza sheria ya Kristo. Haipiti hata mistari mitatu, na katika mstari wa 5 asema kwamba kila mtu atachukua kilicho chake mwenyewe. Je, tuwafundishe watu lipi kati ya hayo mawili?

Swali hili si la wenye elimu peke yao. Katika kila usharika wako watu wawili waliokwisha kulijibu zamani, kila mmoja kwa faida yake. Wa kwanza ni yule ambaye shamba lake limeota magugu mpaka mlangoni, naye akiulizwa ajibu kwamba Wakristo ni ndugu, na ndugu huchukuliana mizigo. Huyu aujua sana mstari wa 2. Wa pili ni yule mwenye ghala iliyojaa, ambaye jirani akija kuomba debe la mahindi humweleza kwa upole kwamba kila mtu na lake. Huyu aujua mstari wa 5. Wote wawili wanayo Biblia, na wote wawili huisoma. Basi haitoshi kusema, Someni Biblia.

Katika Kiyunani, lugha aliyoandikia Mtume, maneno ni mawili. Mstari wa 2 una neno baros, maana yake uzito, kitu kinachomlemea mtu. Ndilo neno walilolitumia wale vibarua wa Mathayo sura ya 20, walionung'unika kwamba wamechukua taabu ya mchana kutwa na joto lake. Mstari wa 5 una neno phortion, yaani shehena, kitu ambacho mtu au chombo kimepangiwa kukichukua. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 ni shehena ya merikebu ile aliyosafiria Paulo. Na katika Mathayo sura ya 11 ni ule mzigo wa Bwana Yesu ambao yeye mwenyewe asema ni mwepesi. Wale waliotafsiri Agano Jipya la Kiswahili cha Umoja, lililotoka mwaka 1950, waliiona tofauti hiyo, wakaweka mzigo katika mstari wa 2 na furushi katika mstari wa 5. Nasi twawashukuru kwa neno hilo furushi, maana kila mtu alijua: ni kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake zimo nguo zako na vitu vyako vya njiani. Hakuna msafiri asiye na furushi, wala haifai mtu kulifungua la mwenzake bila ruhusa.

Walakini hatupendi kuitegemea sana tofauti ya maneno peke yake. Katika Mathayo sura ya 23 Bwana awakemea Mafarisayo wafungao mizigo mizito na kuwatwika watu, hali wao wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole. Na hapo maneno yote mawili yamekutana, ni shehena, tena ni nzito. Kumbe furushi likizidi kipimo hugeuka kuwa mzigo. Kitu ni kile kile, na bega ni lile lile, ila njia imekuwa ndefu au mtu ameugua. Kulea watoto ni furushi la kila mzazi. Lakini mume akifa na kumwachia mkewe watoto sita na deni la dukani, nani atasimama mbele ya mama yule na kumsomea mstari wa 5? Basi kazi ya ndugu ni kutambua ni saa gani furushi la mwenzake limegeuka. Hakuna kanuni iwezayo kuandikwa juu ya jambo hilo. Yataka macho, na macho yataka kumtembelea mtu nyumbani kwake.

Hapa lugha yetu yatusaidia kuliko Kiyunani. Mwanamke aendaye mtoni akiisha kuujaza mtungi wake, hawezi kuuinua peke yake mpaka kichwani. Amngoja mwenziwe. Mwenziwe akija hushika upande wa pili, wakauinua pamoja, na mtungi hukaa juu ya ngata. Hilo twaliita kumtwika. Wala hakuna asemaye kwamba yule aliyemtwika amemchotea maji; maji ni yake, na shingo ni yake, na mlima ule ni wake kuupanda. Lakini pasipo mikono ile miwili angekaa mtoni mpaka jua litue. Kisha liko neno kumpokea. Mtu atoka safari, mwakutana njiani, wamwambia pole na safari, nawe wautwaa mzigo wake na kwenda naye mpaka mlangoni pake. Mzigo ungali wake. Wewe umekuwa kichwa chake kwa kitambo. Na neno la tatu ni kumtua: amefika, shingo imekufa ganzi, akijaribu kuushusha peke yake mtungi utavunjika, basi wewe wauchukua kwa taratibu na kuuweka chini.

Kumtwika, kumpokea, kumtua. Wazee wetu ambao hawakuupata Waraka kwa Wagalatia waliyajua maneno hayo matatu, na yote matatu yana mambo mawili ndani yake: kwanza, msaidizi yuko karibu hata aweza kugusa, pili, mwenye mzigo hasahauliwi kuwa ndiye mwenyewe. Kijana aliyetoka gerezani na hana jembe, mtwike: mpe jembe na mbegu, umwonyeshe shamba, umwache alime. Mgonjwa ambaye mvua zimemkuta kitandani, mpokee: limeni shamba lake mwaka huu, na mwakani atalima mwenyewe akijaliwa. Tutasema mbele kidogo ni nani anayehitaji kutuliwa. Wasaidizi wengi huharibu kazi yao kwa kutenda moja mahali pa jingine. Wampokea yule aliyehitaji kutwikwa tu, wakamzoeza uvivu. Au wamtwika yule aliyehitaji kutuliwa, wakamwambia, Jipe moyo, ndugu, endelea, nao wanamwua.

Twajua ya kwamba neno mzigo lina uchungu katika nchi yetu. Katika karne ya 19 wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walichukua mzigo wa ratili 60 hivi au 70 kila mmoja, lakini walau wengi wao walikuwa na ujira wao. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 watu wengi mno walitwaliwa vijijini wawe wachukuzi wa majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, na makumi ya maelfu wakafa, wengi zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam limetokana na jeshi hilo la wachukuzi. Mzigo wa namna ile haukuwa sheria ya Kristo, hata kama waliouamuru walikuwa Wakristo. Lakini tukumbuke kwamba Simoni Mkirene naye alishurutishwa. Alikuwa akipita tu, atoka shamba, askari wakamkamata achukue msalaba. Marko atutajia majina ya wanawe, Iskanda na Rufo, kana kwamba wasomaji wake waliwajua vijana hao. Na katika habari ile liko jambo jingine tusilolisema mara nyingi: Bwana aliyekuja kuchukua dhambi za ulimwengu alikubali mti wake uchukuliwe na mpita njia. Wako Wakristo wenye nguvu ambao hawajapata kukubali hivyo hata siku moja.

Turudi kwa yule mwenye magugu mlangoni, maana twaona waalimu wataka kujua habari zake kwanza. Torati ina sheria juu ya punda. Katika Kutoka sura ya 23 imeagizwa kwamba mtu akimwona punda wa adui yake amelala chini ya mzigo, asipite. Na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 yaamriwa vivyo hivyo juu ya mnyama wa ndugu aliyeanguka njiani. Katika Kiebrania liko neno dogo pale, ambalo maana yake ni pamoja naye. Walimu wa Wayahudi walilishika neno hilo dogo. Katika Mishna, kitabu cha mafundisho yao kilichokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya kuzaliwa Kristo, waliuliza: Je, mwenye punda akienda kuketi kando ya njia na kusema, Amri ni yako, ukitaka kumtua punda mtue, itakuwaje? Wakajibu kwamba huyo mpita njia amefunguliwa, hana lazima, kwa kuwa imeandikwa pamoja naye. Lakini wakaongeza: kama mwenye punda ni mzee au mgonjwa, yampasa mpita njia afanye kazi yote.

Twadhani hakuna jibu bora kuliko hili. Mvivu hakuti hapa nafasi ya kuketi, wala bahili hakuti nafasi ya kupita. Wala haikusemwa, Mchunguzeni kwanza mwenye punda kama ni mtu mwema. Alikuwa adui! Lililotazamwa ni moja tu: je, mkono wake uko kwenye kamba? Kama anayo nguvu ya kushika kamba na hataki, mwacheni ajifunze. Kama mkono wake hauna nguvu, msimwambie habari za kamba. Paulo mwenyewe alishika kamba. Katika Thesalonike alifanya kazi kwa mikono yake usiku na mchana ili asimlemee mtu, na neno alilolitumia kwa kulemea ni la shina lile lile la mzigo wa Wagalatia. Naye ndiye huyo huyo aliyezunguka Makedonia na Akaya akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yagombana.

Sasa tuseme juu ya mwenye ghala, na hapa twasema juu ya wengi. Kuna methali isemayo, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mtu auona mzigo wa mwingine kuwa mwepesi, kwa sababu hakuuweka kichwani mwake. Lakini ubahili wa namna hiyo si hatari kubwa sana katika sharika zetu, maana watu wetu ni watoaji. Akifa mtu, kijiji chote huja. Kuni zaletwa, maji yaletwa, unga waletwa, na vijana huchimba kaburi bila kuitwa mara mbili. Hatari yetu ni nyingine. Ni ile daftari.

Wasomaji waijua. Penye msiba au arusi mtu mmoja huketi na daftari, na kila atoaye jina lake huandikwa pamoja na kiasi alichotoa. Hatusemi ni vibaya kuandika. Fedha ya watu wengi yataka hesabu, na Paulo mwenyewe alitaka mchango wa Yerusalemu uchukuliwe na watu zaidi ya mmoja asije akalaumiwa. Lakini daftari ile haifungwi msiba ukiisha. Huwekwa sandukuni, na siku mwingine afiwapo hufunguliwa kutazama: huyu alitupa nini? Basi apewe kadiri ile ile. Na yule ambaye jina lake halimo, kwa kuwa mwaka ule hakuwa na kitu, atazika mtoto wake na watu wachache. Je, hili ni kuchukuliana mizigo? Twasema ni kukopeshana mizigo. Ni jambo la busara, lina faida yake duniani, hata wasiomjua Kristo hulifanya. Lakini maskini kabisa hawezi kuingia katika mkopo ule, na ndiye hasa ambaye mzigo wake ni mzito.

Ndugu zetu wa zamani walilijua jambo hili. Mwaka 1519 Martin Luther aliandika mahubiri juu ya Sakramenti ya Mwili wa Kristo na juu ya vyama vya udugu vilivyokuwapo siku zile katika Ujerumani. Alifundisha kwamba katika Meza ya Bwana Kristo hujitwalia shida zetu na kutupa haki yake, na kwamba yeye ashirikiye hapo hutwaa moyoni mwake shida za ushirika wote, kama vile wengine watwaavyo zake. Kisha akavigeukia vile vyama. Vilikuwa na watakatifu wao, na sikukuu zao, na daftari za majina, na watu wakila na kunywa pamoja; lakini faida ilikuwa ya walioandikwa tu. Akasema yafaa zaidi fedha ile ya kunywea pombe itumiwe kuwalisha maskini.

Miaka minne baadaye, mwaka 1523, usharika wa Leisnig katika Saxony ulifanya jambo lenyewe. Walifanya sanduku moja la ushirika wote kwa ajili ya kazi ya kanisa, na shule, na yatima, na wazee, na maskini wasioweza kujisaidia. Na Luther akawaandikia dibaji ya utaratibu wao. Sanduku lilikuwa na kufuli nne. Wasimamizi walikuwa kumi: wawili wa masharifu, wawili wa baraza la mji, watatu wa watu wa mjini, na watatu wa wakulima wa vijijini, na kila kundi likashika ufunguo wake. Twawaomba wazee wa kanisa waliangalie jambo hilo la kufuli. Sanduku halikuweza kufunguliwa na tajiri peke yake; wakulima wasipokuwapo, kufuli moja ilibaki imefungwa. Kwa hiyo yeye aliyesaidiwa hakujua kwamba amesaidiwa na bwana fulani, wala bwana fulani hakuweza kumtazama barabarani kwa macho ya mtu adaiye. Alisaidiwa na usharika.

Twajua usharika mmoja, hatuutaji, ambao ulimsaidia mama mjane kwa mahindi kila mwezi, na kila mwezi jina lake lilisomwa katika matangazo baada ya mahubiri. Mwaka wa pili mama yule akaacha kuja kanisani. Wazee walipomwendea alisema bila hasira kwamba tangu lile gunia lianze kutajwa, watu hawakumwita tena mama fulani kwa jina la mwanawe; walimwita wa mahindi. Wazee wakaacha kutangaza. Wakafanya na jambo la pili ambalo lilikuwa bora kuliko la kwanza: wakamwomba akae na wasichana wa darasa la kipaimara siku za Jumamosi, awafundishe kusuka mikeka, maana alikuwa fundi. Akarudi. Mahindi yaliendelea kuja usiku kwa mlango wa nyuma, naye akayapokea bila haya, kwa kuwa sasa yeye naye alikuwa na mkono kwenye kamba.

Kwa ndugu wa mbali kanuni ni hiyo hiyo. Baada ya vita vya 1914 mpaka 1918 wamisionari Wajerumani waliondoshwa katika nchi hii, na sharika nyingi zikabaki mikononi mwa waalimu wenyeji, wengine bila mshahara. Katika miaka ya 1920 ndugu wa Sinodi ya Augustana walikuja kutoka Marekani kusaidia kazi ya kaskazini ambayo ilikuwa ya misioni ya Leipzig. Wenyewe waliporuhusiwa kurudi, wale Waamerika hawakusema, Sasa ni yetu, kwa kuwa tumeilisha. Waliiacha, wakaenda Iramba kuanza upya. Na vita vya pili vilipokuja, wakaitwa kupokea mzigo ule tena. Huko ni kupokea kwa namna ya mtu wa njiani, aujuaye mlango ambapo yampasa kuuweka chini.

Tumesema juu ya uvivu na chakula na fedha. Lakini hatujagusa bado mzigo ambao Mtume alikuwa nao mbele ya macho yake. Someni mstari wa 1. Hautaji njaa, wala ugonjwa, wala msiba. Wamtaja mtu aliyekamatwa katika kosa, na kuwaagiza walio wa Roho wamrejeze kwa upole. Neno lile la kumrejeza ni lile lile litumiwalo na Marko, sura ya 1, juu ya Yakobo na Yohana waliokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu. Mvuvi ambaye wavu wake umeraruka hautupi, wala haupigi. Huketi nao magotini na kuushona tundu kwa tundu, kazi ya asubuhi nzima. Baada ya neno hilo ndipo Paulo asema, Chukulianeni mizigo. Basi mzigo wa kwanza ni anguko la ndugu.

Mtauliza: Je, mtu aweza kuchukua dhambi ya mwingine? Hawezi. Hatia mbele za Mungu ni furushi. Kila mtu atalifikisha yeye mwenyewe, na Mmoja tu ndiye aliyeweza kuchukua la wengine, naye hakuacha sehemu ili tummalizie. Mchungaji au mzee asidhani kwamba kwa upole wake ataifanya hatia isiwe hatia. Lakini hatia haiji peke yake, huja na aibu, na hizi si kitu kimoja. Hatia iko kati ya mtu na Mungu na yule aliyemkosea. Aibu yatoka wapi? Yatoka kwetu. Ni macho ya watu mlangoni mwa kanisa, ni mazungumzo yanayokoma apitapo mtu, ni wimbo wa watoto kisimani. Hatia tumekatazwa kuigusa. Aibu sisi ndio tuliomtwika, na kwa sababu hiyo sisi tunaweza kumtua. Huyu ndiye yule tuliyesema tutamtaja.

Twasema wazi juu ya binti aliyechukua mimba kabla ya ndoa. Utaratibu wa kanisa wajulikana: atengwa na Meza ya Bwana kwa kitambo, kisha hurudishwa. Hatusemi utaratibu ufutwe. Usharika usio na maonyo haumpendi mtu. Lakini angalieni mwendo wake. Atengwapo, wote wajua na wote wasema. Kijana aliyehusika naye, mara nyingi hakuna amjuaye, au wote wamjua na hakuna asemaye, naye aimba katika kwaya. Siku za kutengwa zikiisha binti asimamishwa mbele ya watu, maneno yasomwa, naye arudi mahali pake. Kwa kitabu cha usharika amerudi. Kwa watu bado. Mama zake wa kanisa hawamwiti katika kazi yao. Akinyamaza wasema ana kiburi, akicheka wasema hana haya. Mtu wa namna hii aweza kuchukua hatia yake mpaka kwa Kristo na kuiacha pale, kisha akafa kwa uzito wa aibu tuliyompa sisi. Wengine wahama, wengine waingia katika madhehebu nyingine, kisha twasema hawakuwa na imani.

Na Mtume aongeza neno la kujiangalia, asije huyo arejezaye akajaribiwa naye. Twadhani hakumaanisha tu kwamba aweza kuanguka katika dhambi ile ile. Jaribu la msaidizi ni kufurahi. Auonapo wavu wa mwingine umeraruka, wake waonekana mzima. Mstari wa 3 na wa 4 yasema hayo hayo: mtu ajipime kwa kazi yake mwenyewe, si kwa kujilinganisha na aliyeanguka. Ndiyo sababu furushi limetajwa pale, katika mstari wa 5. Halikuwekwa kumwambia mwenye shida, Shauri lako. Limewekwa kumkumbusha msaidizi kwamba naye ana la kwake, nalo halijafunguliwa bado. Mwenye ghala ameusoma mstari huo siku zote kana kwamba umeandikwa kwa jirani yake.

Waalimu waliuliza pia wafanye nini, nasi twajibu kwa jambo dogo ambalo sharika kadhaa zimekwisha kulifanya. Kabla ya mtu kurudishwa, wazee wamchague mzee mmoja na mkewe. Hao wamtembelee katika siku zote za kutengwa, si kwa kumhoji, bali kwa kuketi, kama rafiki za Ayubu walivyoketi siku saba kabla hawajaanza kuharibu mambo kwa maneno. Ajapo kanisani wakati ule, na aketi nyuma kama ilivyo desturi ya mahali, mke wa mzee akaketi pale nyuma pamoja naye, na kitabu kimoja cha nyimbo kati yao. Kijana naye aitwe na wazee, aonywe vile vile, na jina lake liandikwe mahali lilipoandikwa la binti. Siku ya kurudishwa, mzee na mkewe wasimame pamoja naye mbele, mmoja kuume na mmoja kushoto, na waende naye Mezani. Na Jumatatu yake mke wa mzee ampitie asubuhi kwenda naye kisimani, kwa njia ile ipitayo katikati ya kijiji.